Wadandiaji

Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa huku akitamani bahari huteremka Mombo, akapanda basi la Tanga, akalowesha miguu pale Raskazone, akarudi na samaki wa kukaanga kwenye gazeti. Mimi bahari ninayo sebuleni, kati ya kabati la vyombo na picha ya arusi. Kila mgeni anayeingia huiangalia kwanza, kisha huniangalia mimi, kisha humwangalia mke wangu kwa jicho la pole.

Haikuwa shauri langu. Shemeji yangu, mtumishi wa umma pale Tanga, alipata uhamisho wa Dodoma. Anayehamia Dodoma habebi kila kitu: jokofu liliuzwa, kuku waliliwa, na tangi la viumbe wa bahari likatafutiwa ndugu msomi. "Shemeji, wewe si mwalimu wa baiolojia?" aliniuliza kwenye simu, na kwa sauti ile nilijua tangi limeshafungwa kamba. Niseme mapema, maana nawajua wasomaji wangu: matumbawe hai hayang'olewi ovyo baharini, sheria ipo, na shemeji ni mtu anayeogopa hata kuvuka barabara pasipo na milia. Mawe yake aliyafinyanga mwenyewe kwa saruji na makombe, akayalaza miezi kwenye shamba la mwani la rafiki yake huko Mkinga, na bahari ikayajaza uhai wa kila aina bila kudai malipo. Uhai huo ndio uliokuja kunivurugia nyumba.

Nilipolifuata tangi Tanga, konda wa basi la kurudi alitaka kujua madumu yangu yana nini. Nikamwambia maji ya bahari. Akacheka kwa adabu, akauliza tena: "Mwalimu, nauliza kwa ajili ya trafiki tu. Ni mafuta ya taa au ni gongo?" Nikafungua kifuniko. Akanusa, akachovya kidole, akaonja, akatemea dirishani. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akamweleza jirani yake, kwa mnong'ono ambao basi zima liliusikia, kwamba maji ya chumvi mtu habebi bure. Huyo ama ana mgonjwa, ama ana kesi. Hadi tunafika Mombo nilikuwa nimepewa pole na watu nisiowajua, na mzee mmoja alishaniandikia kwenye karatasi ya tiketi jina la mganga wa Korogwe ambaye, kwa maelezo yake, hatumii maji mengi kiasi kile.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi, na sehemu kubwa ni kona. Pale karibu na Soni, dumu moja lilivujia gunia la mchele la abiria mwenzangu. Baada ya mazungumzo marefu tulikubaliana kwamba mchele huo usitiwe chumvi.

Kufuga bahari mlimani kuna mambo yake. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke chumvi haiendi popote, inabaki ndani ya tangi, kwa hiyo unachoongeza ni maji baridi ya kawaida. Jambo hili nimelieleza nyumbani kwa ubao na chaki, na bado mwanangu wa mwisho alikutwa na pakiti ya chumvi ya jikoni akisema bahari imepungua. Mama mkwe yeye alikuja kutusalimu kutoka Vugha, akaona dumu la maji ya bahari jikoni, asijue, akayatumia kuinjikia maharage. Tulikula kimya. Mgeni mmoja aliyekuwapo alisifu ladha, akaomba maji ya kunywa, akaomba tena, kisha akaaga mapema.

Halafu kuna baridi. Viumbe hawa wanataka joto la nyuzi 25 hivi mwaka mzima, na Lushoto ya Julai usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 10. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu, wakati sisi tumevaa masweta na kofia, kuna samaki mmoja mdogo anayeishi kwa hita. Mama mkwe aligundua haraka kwamba kioo cha tangi kina joto. Tangu siku hiyo kiti chake kiliegemezwa pale, na mgongo wake ukawa wa kwanza kujua umeme umekatika. Ulipokatika kwelikweli, tulijaza maji ya moto kwenye chupa za soda tukaziacha zielee tangini, naye akadai apewe yake moja.

Sasa niwaeleze habari ya wadandiaji. Wafugaji wa viumbe wa bahari, popote walipo duniani, wanalijua hili: huleti jiwe, unaleta jiwe na abiria wake. Mashimoni mwake hutoka minyoo yenye manyoya, konokono wadogo, kaa wa ukubwa wa punje ya mchele, na vijimea vya Aiptasia, ambavyo kwa hakika ni wanyama wenye kuuma na ukivipa nafasi vinajaza nyumba. Hawakualikwa, na nauli hawakulipa. Mtu wa Lushoto hana haki ya kushangaa. Kila usiku malori yetu hushuka na kabichi kwenda Dar es Salaam, na ndani ya kabichi mna viwavi na konokono waliokwenda kutembea mjini kwa gharama ya mkulima. Hata Wajerumani walituondokea na mdandiaji wao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka milima hii, na leo ua hilo limekaa kwenye madirisha ya Ulaya nzima likiitwa Usambaraveilchen, wala halijawahi kutuma hata salamu.

Aliyewaona wetu ni mwanangu wa mwisho, ambaye kazi yake usiku ni kunywa maji ili asilale. Alipita sebuleni na tochi ya simu ya mama yake, akaja chumbani kutangaza kwamba kwenye kioo kuna nyota.

"Nyota ziko nje. Lala."

"Hizi zina miguu, mama. Na zinatembea."

Tuliamka wote. Kweli, kwenye kioo cha mbele walikuwapo viti vya pweza wadogo, weupe wa kijivu, wa ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, wakienda kwa mwendo wa mtu asiye na miadi. Nyumbani tumezoea kuwaita nyota, kwa kufuata yule aliyewavumbua. Tulipoanza kuwahesabu mikono, mzozo ukazaliwa. Mmoja alikuwa nayo mitano, kama vitabu vinavyotaka. Mwingine sita. Yule wa pembeni saba, minne mirefu na mitatu mifupi, kana kwamba alishonwa na fundi aliyeishiwa kitambaa.

Asubuhi habari ilikuwa imeshavuka ua. Jirani yetu ni bwana misitu mstaafu, na watu wote humwita Bwana Misitu mpaka leo. Sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita Amani, Usambara Mashariki, na aliyoyaona huko hajayasamehe. Aliingia na fimbo yake, akawasha tochi ingawa jua lilikuwa limetoka, akainama mbele ya kioo.

"Yule naye alianza hivihivi," alisema.

Yule ni mti. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, walikusanya miti ya dunia nzima waijaribu. Mmoja uliopandwa huko, kitaalamu Maesopsis eminii, asili yake ni pande za magharibi, Uganda hadi Kongo. Ulikuwa mti wa adabu, unakua upesi, una kivuli. Kisha hondohondo wakayaonja matunda yake, wakaruka, wakaenda haja msituni. Palipokatwa miti ya asili pakabaki uwazi, ukaota wenyewe. Bwana Misitu anaweza kulisimulia jambo hili kutwa, na amewahi. Msimamo wake juu ya mgeni asiyealikwa ni mmoja tu: ang'olewe na mizizi yake, kisha aulizwe jina.

Mama mkwe alikuwa amekaa mahali pake, mgongo kwenye kioo. Hakugeuka.

"Na Mbegha," akauliza, "yeye aliitwa na nani?"

Kwa asiyejua: Mbegha ndiye mzazi wa ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara, na habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali katika Habari za Wakilindi. Alikuwa mwindaji kutoka Ngulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, na ndugu zake wakamwona mkosi, wakamkataa. Akafika huku na mbwa na mikuki, hana mwaliko wa mtu. Lakini nguruwe mwitu walikuwa wanawamalizia watu mazao mashambani, na yeye nguruwe ndio aliowawinda. Nyama akagawa. Watu wakamtazama siku nyingi, mwisho wakampa nchi.

"Nyama yenyewe tuiache," alisema mama mkwe, ambaye ni mtu wa swala tano, "lakini mgeni hafukuzwi kwa idadi ya mikono. Tazameni kwanza anakula nini."

Basi nyumba ikagawanyika: chama cha Amani na chama cha Mbegha. Mke wangu alitangaza kwamba yeye ni wa chama cha kutaka sebule yake. Mimi nilikwenda shuleni, nikaweka sahihi kwenye daftari la maabara, nikarudi na kioo cha kukuzia.

Washukiwa walikuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni ndugu wa mbali wa viti vya pweza, wale wenye kitumbo kidogo cha mviringo na mikono myembamba inayojinyonganyonga. Hao nao hudandia mawe, wanajificha mashimoni mchana, wanatoa mkono mmoja tu nje kunasa makombo, na hawamdhuru mtu. Wetu hawakufanana nao: mikono yao ilikuwa minene, imeungana na mwili, na walitembea hadharani.

Mshukiwa wa pili aliletwa na mjukuu wa Bwana Misitu, aliyekuwa amempata kwenye simu na kumkuza hadi akajaa kioo chote. "Babu, ndiye huyu! Huyu ndiye anayekula matumbawe ya Zanzibar!" Alikuwa ni Acanthaster, yule aitwaye taji la miiba. Hofu hiyo haikuwa ya kitoto. Mnyama huyo akikomaa ana upana wa sentimita 25 hadi 35, mikono zaidi ya kumi, na miiba yenye sumu mwili mzima. Chakula chake ni matumbawe hai. Kisiwani Chumbe, jirani na mji wa Zanzibar, waliwahi kuendesha mpango wa kuwatoa kwenye miamba ya hifadhi ili matumbawe yapone. Na ubaya ni kwamba mtoto wake huanza maisha na mikono mitano, mdogo, mpole, akila mwani tu, kisha anaongeza mkono baada ya mkono hadi siku anayobadili mlo.

Mjukuu aliendelea kusoma. Akatupa habari kwamba Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, kimeonyesha kuwa siki ya kawaida ya nyumbani ikidungwa mwilini mwa taji la miiba humuua ndani ya siku mbili. Bwana Misitu alisimama. Mama mkwe, ambaye kachumbari yake haina maana bila siki, alisimama pia, akafika jikoni kabla yake. Ilinibidi nieleze kwamba siki hiyo hudungwa kwa sindano, nyota mmoja baada ya mwingine, kwenye miamba, chini ya maji. Ukiimwaga ndani ya tangi hutakuwa unamwadhibu nyota. Unatengeneza achari, na samaki wa watu yumo.

Kioo cha kukuzia kikamaliza ubishi huo. Wetu hawakuwa na miiba ya kuitwa miiba, vijichembe tu vya kukwaruza. Wenye mikono mingi hawakuwa wakiiongeza kwa mpangilio kuzunguka mwili. Walikuwa na upande mrefu na upande mfupi, na hiyo ndiyo alama ya mshukiwa wa tatu. Wafugaji humwita Asterina. Wataalamu wamewahamishia wengi wao kwenye jenasi iitwayo Aquilonastra, jina lililotolewa mwaka 2004 na O'Loughlin wa Australia, na mwaka 2006 yeye na Rowe wakachapisha mapitio ya kundi hilo zima. Kumtenga wa aina hii na wa aina ile ni kazi ya darubini na vijifupa vya mgongoni. Mimi niliishia pale kioo cha shule kinapoishia, nikaandika kwenye daftari: mdandiaji, mpole, achunguzwe.

Bwana Misitu hakuafiki neno mpole. Alimtoa mmoja kwa kijiko, akamlaza kwenye kisosi, akaomba wembe. Nilipokuwa bado natafuta maneno ya heshima ya kumzuia mzee nyumbani mwangu, alishamkata kati kwa kati, akajifuta mikono kwa kuridhika, akaomba chai. Mwanangu naye, kwa huruma, akavirudisha vipande vyote viwili tangini.

Vipande vikaanza kutembea. Kila kimoja na safari yake.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kufundisha, na sikuiacha. Nyota hawa hawana damu wala ubongo. Wana mabomba ya maji yanayokwenda hadi kwenye vijiguu laini chini ya kila mkono, kwa mamia. Na baadhi ya aina za kundi hili huzaana kwa kujigawa: nyota mmoja anajishika pande mbili za kioo, nusu inavuta huku, nusu inavuta kule, wanaachana, kila nusu inaotesha mikono iliyopungua. Ndiyo maana ya upande mrefu na mfupi. Mrefu ni wa urithi, mfupi ni wa kujitafutia. Kwa wembe wake Bwana Misitu alikuwa amewasaidia kazi waliyokuwa wakiifanya kwa tabu. Alinywa chai yake bila sukari.

Sehemu ya somo iliyopendwa zaidi ilikuwa ya kula. Nyota hapeleki chakula tumboni, hulitoa tumbo lake nje kwa mdomo, akalitandaza juu ya chakula, akakimeng'enyea hapohapo, kisha akalirudisha ndani na kuondoka. Mama mkwe alinyamaza kwa muda.

"Nimehudhuria arusi nyingi," alisema hatimaye, "na wajomba wa mume wangu nimewaona wakila. Hapo hawajafika."

Chama cha Amani hakikukata tamaa. Mjukuu aligundua kwamba kuna kamba wa Bahari ya Hindi, Hymenocera, mweupe mwenye madoa, mdogo wa kukaa kiganjani, ambaye chakula chake ni viti vya pweza tu. Huwabinua chali, akawaburuta hadi pangoni, akaanzia kwenye vijiguu. Mara nyingi hukaa wawili, mume na mke. Nilipiga simu kwa mvuvi ninayemfahamu pale Deep Sea, Tanga.

"Kamba wapo, Mwalimu. Kilo ngapi?"

"Mmoja. Wakipatikana wawili, mume na mke, itakuwa vizuri zaidi."

Kimya kikapita.

"Mwalimu, habari za nyumbani? Hali huko ni ngumu kiasi hicho?"

Nikamweleza kwamba si wa kula. Akauliza ni wa nini. Nikasema wa kula nyota. Akasema mtandao unasumbua, atanipigia. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza huku akikunja nguo, alipiga hesabu ambayo mimi na mjukuu tulikuwa hatujaifikia. "Huyo kamba anakula nyota tu?" Ndiyo. "Nyota wakiisha atakula nini?" Atakufa njaa, au tumtafutie nyota wengine. "Kwa hiyo tutanunua wa kuwala nyota, kisha tununue nyota wa kumlisha?" Akaendelea kukunja nguo. Shauri la kamba likafia hapo.

Kisha likaja tukio lililokaribia kuwapeleka wadandiaji wetu kunyongwa. Usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika tukiwa usingizini, na hata mgongo wa mama mkwe haukuwapo, alikuwa amerudi Vugha kuvuna. Asubuhi maji yalikuwa ya baridi ya kisima. Kwenye jiwe moja kulikuwa na kipande cha tumbawe laini kilichoota chenyewe tangu Mkinga, fahari ya tangi zima. Kilikuwa kimelegea, kimepauka, na juu yake wameketi nyota, matumbo nje.

"Nilisema!" Bwana Misitu alisema, na kwa furaha aliyokuwa nayo hata akasahau kunipa pole.

Kwa macho ya haraka kesi ilikuwa imekwisha. Na niwe mkweli kwa upande wa mashtaka: wapo wafugaji wanaoapa kwamba baadhi ya nyota hawa hula zoantidi, wale viumbe laini wa rangi wanaoishi kwa makundi na kufunga midomo wakiguswa. Sidhani wote wanasema uongo. Lakini ushahidi wa kumkuta mtu juu ya maiti una kasoro zake. Mama mkwe alipopigiwa simu alilimaliza shauri kwa sentensi moja: mchimba kaburi akikutwa na jembe makaburini haitwi muuaji.

Tulichofanya ni kuwavizia. Jiwe lenye zoantidi wazima lilisogezwa mbele, karibu na kioo, na baada ya chakula cha jioni taa zilizimwa, tukakaa kwa zamu na tochi iliyofungwa karatasi nyekundu. Bwana Misitu alichukua zamu nyingi kuliko mtu yeyote, akiwa na blanketi na chupa ya chai, kwa matumaini makubwa. Nyota walipita kando ya zoantidi. Wengine waliwapanda, zoantidi wakafunga midomo kwa kuudhika, nyota wakavuka upande wa pili, zoantidi wakafunguka. Walichokuwa wakila ni ule utelezi wa kijani unaoota kwenye kioo na mawe. Asubuhi ungeona njia zao, mistari safi ndani ya ukungu wa kijani, zikipinda kuliko barabara ya Soni. Kwenye zoantidi wazima hawakutoa tumbo hata mara moja. Kwenye kile kipande cha tumbawe kilichokufa kwa baridi hawakubakisha kitu, na maji yakabaki bila harufu.

Bwana Misitu alitoa hukumu yake kwa shingo upande: hawa si Maesopsis. Lakini aliongeza swali, na lilikuwa swali la mtaalamu. Kama ni wapole, mbona ni wengi? Kiumbe haongezeki hewani. Nani anawalisha?

Uchunguzi wa swali hilo ulileta aibu kubwa kuliko ule wa kwanza. Samaki wetu mmoja, ambaye kwa utaratibu wangu hupewa chakula kidogo asubuhi, alikuwa akipewa kingine na mwanangu akitoka shule. Mke wangu alikuwa akimpa kidogo usiku kwa sababu anamwangalia. Mama mkwe alikuwa akimdondoshea ugali, akisema mnyama wa nyumba hii akikonda aibu ni ya nani. Na ilibainika kwamba Bwana Misitu mwenyewe, katika zamu zake za upelelezi, alikuwa akimega biskuti. Yote yaliyomshinda samaki yalishuka chini, yakaoza, yakawa mbolea ya utelezi, na utelezi ukawa nyota. Nyota walikuwa wakihesabu tu ukarimu wetu.

Tangu hapo utawala ni mwepesi. Kopo la chakula linafungiwa kabatini, na ufunguo anao mke wangu. Kioo kinasuguliwa. Wingi ukizidi, nyota wa ziada wanatolewa kwa kibano au kuvutwa kwa mpira mwembamba wakati wa kubadili maji. Hawakatwi. Hawamwagwi mtoni wala hawarudishwi baharini, maana kiumbe aliyekaa tangini anaweza kuwa amepata maradhi ambayo bahari haiyahitaji. Wanaotolewa huenda shuleni kwenye ndoo ndogo, na shuleni wana kazi.

Niliwagawia wanafunzi, kila kikundi nyota mmoja hai kwenye kisahani cha maji yake, nikawaambia wachore wanachokiona. Kitabu kinasema mikono mitano. Darasa likainama, likachora, na karibu michoro yote ikawa na mikono mitano iliyonyooka, mizuri, sawa kwa sawa. Nyota waliokuwa mezani walikuwa na sita, na saba, na mmoja na minne na nusu. Binti mmoja tu wa nyuma alichora saba, mirefu na mifupi, akaandika pembeni kwa penseli: "Samahani Mwalimu, nimehesabu." Nikampa alama zote. Waliochora mitano wakapata nusu.

Kijana wa kikundi chake akakata rufaa. Alikuja ofisini na daftari kifuani, akasimama kwa heshima zote, akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilifundisha kuwa nyota hawa huotesha mikono mipya kwa muda wa wiki kadhaa. Nikakubali. Akasema siku alipomchora, nyota wao alikuwa na mikono mitano kamili. Nikamuuliza hiyo miwili mingine ilitoka wapi, basi, maana mimi nimemhesabu jana kwenye kisahani ana saba.

"Ndiyo hivyo, Mwalimu," alisema. "Daftari umekaa nazo muda mrefu. Imeota ukiwa unasahihisha."

Nikampa alama zilizobaki.